Dar hadi Mwanza: hesabu saa, usihesabu kilomita

Kila mfanyabiashara anayechukua bidhaa Kariakoo na kuziuza Mwanza, au anayenunua dagaa Kirumba na kuwauza Dar es Salaam, hulipia kitu kimoja ambacho hakiandikwi kwenye risiti. Kitu hicho ni muda. Nauli anaijua, ushuru anaujua, na kodi ya fremu anaijua hata akiwa usingizini. Lakini ukimuuliza safari moja ya kufuata mzigo inamgharimu saa ngapi za kazi, wengi hawana jibu. Wiki hii ukurasa huu unaiweka njia ya Dar es Salaam na Mwanza kwenye mizani, kwa ndege na kwa barabara, ili msomaji aone fedha yake inapopotelea.

UMBALI ULE ULE, MUDA TOFAUTI

Tuanze na kilomita, kwa kuwa hizo hazibadiliki na bei ya mafuta. Kwa mstari ulionyooka, kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam hadi ule wa Mwanza ni kama kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Chalinze, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Singida, mlima wa Sekenke, Igunga, Nzega na Shinyanga, ni takriban kilomita 1,150. Tofauti ni kilomita 300 hivi. Kwa maneno mengine, barabara ni ndefu kuliko njia ya angani kwa zaidi kidogo ya theluthi moja.

Tofauti hiyo si kubwa. Lakini ukigeukia muda, picha inabadilika kabisa. Ndege ya injini za jeti huwa angani kwa karibu saa moja na nusu. Basi hutumia siku nzima au usiku kucha.

Hesabu ya basi si ngumu. Sheria inalizuia basi la abiria kuzidi kilomita 80 kwa saa kwenye barabara kuu, na kilomita 50 kwa saa panapokuwa na makazi ya watu. Tuchukulie kwamba kati ya kilomita 1,150, kilomita 250 ni za vijiji, miji na makutano, na 900 zilizobaki ni za barabara iliyo wazi. Kilomita 250 kwa mwendo wa 50 ni saa 5. Kilomita 900 kwa mwendo wa 80 ni saa 11 na robo. Jumla ni saa 16 na robo bila kusimama mahali popote. Ongeza chakula, kuchimba dawa na ukaguzi wa askari, utapata saa 17. Basi likifika kwa muda pungufu sana ya hapo, abiria ajue kuna mahali sheria imevunjwa.

NJIA FUPI ILIYOPITA KENYA

Vijana walioanza biashara baada ya lami kukamilika huenda wasiamini kwamba kulikuwa na wakati ambapo njia ya haraka ya kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam kwa basi ilipita Nairobi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, sehemu kubwa ya barabara kati ya Dodoma, Singida na Nzega ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Basi lililoingia huko wakati wa mvua halikuwa na ahadi ya siku ya kutoka.

Kwa hiyo abiria wengi walipanda basi Mwanza, wakapita Musoma hadi Sirari, wakavuka mpaka na kuingia Kenya, wakapita Nairobi, wakarudi Tanzania kwa mlango wa Namanga, kisha Arusha, na hatimaye Dar es Salaam. Njia hiyo ni karibu kilomita 1,600. Mtanzania alisafiri kutoka mji mmoja wa nchi yake kwenda mwingine akiwa na hati ya kusafiria mkononi, akivuka mpaka mara mbili, na akiongeza kilomita 450. Aliona bora hivyo, kwa sababu alikuwa na uhakika wa kufika.

Wala hilo halikuwa jambo jipya kwa Mwanza. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901, na tangu hapo shehena za kusini mwa Ziwa Victoria zilipakiwa melini hadi Kisumu, kisha zikapanda treni hadi bandari ya Mombasa. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, lakini tawi lake halikugusa Mwanza hadi mwaka 1928. Kwa zaidi ya robo karne, bandari ya Mwanza kwa hesabu ya biashara ilikuwa Mombasa, hata kama ramani ilionyesha vinginevyo.

Hata kwenye minofu ya sangara, mzigo uliolipa jina la Mwanza umaarufu Ulaya tangu miaka ya 1990, mambo yamefanana. Sehemu ya minofu hiyo imekuwa ikipakiwa kwenye malori ya ubaridi na kupelekwa Nairobi na Entebbe, ili ipande ndege huko.

Mifano hii mitatu, ya meli, ya basi na ya samaki, inatoa fundisho moja. Biashara haifuati mstari mfupi wa ramani. Inafuata saa chache, na zaidi ya hapo inafuata saa za uhakika. Penye mashaka, mfanyabiashara yuko tayari kuzunguka nchi jirani na kulipa zaidi.

Lami ya ukanda wa kati ilijengwa kipande kwa kipande katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ilipounganika, njia ya Nairobi ilikufa yenyewe kwa safari hizi, bila amri ya mtu.

KUTOKA MLANGONI HADI MLANGONI

Sasa turudi kwenye hesabu za leo. Anayesema ndege ni saa moja na nusu na basi ni saa 17, kwa hiyo ndege ina kasi mara 11, amehesabu kama mtu anayeishi uwanjani. Mfanyabiashara anaishi kati ya duka na nyumba yake. Kinachomhusu ni saa anayofunga mlango Dar es Salaam na saa anayofungua mlango Mwanza.

Kwa ndege, mpe saa 1 ya kutoka katikati ya jiji hadi uwanja wa ndege kwa foleni ya Barabara ya Nyerere. Mpe saa 2 za kuwahi, kukaguliwa na kungoja. Mpe saa 1 na nusu angani. Mpe nusu saa ya kushuka na kusubiri begi, na nusu nyingine ya kuingia mjini Mwanza, kwa kuwa uwanja uko kama kilomita 10 kutoka katikati. Jumla ni saa 5 na nusu.

Kwa basi, mpe saa 1 na nusu ya kutoka Kariakoo hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, pamoja na kupakia mzigo. Stendi hiyo ilipozinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo, basi liliokoa muda wa kupenya foleni ya jiji, lakini muda huo ulihamia kwa abiria. Mpe saa 17 njiani, na nusu saa kutoka stendi ya Nyegezi hadi mjini. Jumla ni saa 19.

Ukigawa, utaona ndege haina kasi mara 11. Ina kasi kama mara 3 na nusu. Abiria wa ndege husafiri kwa wastani wa kilomita 155 kwa saa ukihesabu mlango hadi mlango, na wa basi kilomita 60. Umbali mfupi ungeifanya tofauti hii iwe ndogo zaidi. Ndiyo sababu watu wachache hufikiria ndege kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na wengi huifikiria kwenda Mwanza.

SAA ZA KAZI NI KITU KINGINE

Hapa ndipo penye kiini cha hesabu yetu. Saa 19 si saa 19 za hasara. Saa ambayo mtu angekuwa amelala haina bei sawa na saa ambayo angekuwa dukani. Tuseme saa za kazi za mfanyabiashara ni kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, yaani saa 10 kwa siku.

Tangu miaka ya 1990 mabasi ya masafa marefu yalizuiwa kusafiri usiku, kwa sababu ya ajali na ujambazi. Utaratibu ukawa mmoja nchi nzima: mabasi yote yanaondoka alfajiri. Abiria wa Mwanza alitoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri na kufika karibu na saa 6 usiku. Saa zake za kazi zote 10 ziliishia kwenye kiti. Mara nyingi aliongeza na gharama ya nyumba ya kulala wageni, maana nani atamfungulia mlango usiku ule?

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi kusafiri saa 24. Sasa angalia hesabu. Abiria anafunga duka Kariakoo saa 10 jioni. Amepoteza saa 2 za kazi. Analala njiani, vizuri au vibaya. Anafika mjini Mwanza saa 5 asubuhi. Amepoteza saa 3 nyingine. Jumla ni saa 5. Hasara ya saa za kazi imepungua kutoka 10 hadi 5, na chumba cha kulala hakihitajiki. Hakuna mita hata moja ya lami iliyoongezwa na hakuna basi lililoongeza kasi. Kilichobadilika ni ruhusa tu.

Sasa mweke abiria wa ndege pembeni yake. Anayepanda ndege ya alfajiri anatoka nyumbani saa 9 na nusu usiku na kufika mjini Mwanza saa 3 asubuhi. Amepoteza saa 1 tu ya kazi. Huyo ndiye mshindi. Lakini anayepanda ndege ya mchana, akatoka dukani saa 4 asubuhi na kufika Mwanza saa 9 na nusu alasiri, amepoteza saa zote 5 na nusu katikati ya siku ya biashara.

Kwa kifupi, msomaji, hali ni hii:

Basi la mchana: saa 10 za kazi zinapotea.
Ndege ya mchana: saa 5 na nusu.
Basi la usiku: saa 5.
Ndege ya alfajiri: saa 1.

Kwa hesabu ya saa za kazi, ndege ya mchana haina faida kuliko basi la usiku. Anayeilipia ananunua starehe na kupumzisha mgongo, na hayo ni mambo halali kabisa kununua. Asijidanganye tu kwamba amenunua muda wa biashara.

BEI YA SAA MOJA

Tuweke shilingi. Katika nauli kikomo zilizotangazwa na LATRA Desemba 2023, basi la daraja la kawaida lilipangiwa Sh 48.47 kwa kila kilomita kwa abiria, na la daraja la kati Sh 67.84. Kwa kilomita 1,150 hiyo ni kama Sh 55,700 na Sh 78,000.

Nauli ya ndege haina bei moja. Inapanda na kushuka kwa tarehe, kwa siku zilizobaki kabla ya safari na kwa viti vilivyobaki. Kwa hiyo kila mtu aweke namba aliyopewa. Sisi kwa mfano tuseme tiketi ni Sh 250,000. Tofauti yake na basi la daraja la kati ni Sh 172,000.

Abiria wa ndege ya alfajiri ameokoa saa 4 za kazi akilinganishwa na wa basi la usiku. Gawa Sh 172,000 kwa 4. Amelipa Sh 43,000 kwa kila saa aliyookoa. Swali la kujiuliza ni fupi: je, saa yako moja dukani, ofisini au kwenye mnada inakuingizia faida ya zaidi ya Sh 43,000? Kumbuka tunazungumzia faida baada ya kutoa gharama, si mauzo. Kama jibu ni ndiyo, panda ndege wala usione aibu. Kama jibu ni hapana, basi la usiku linakufaa zaidi.

Mkandarasi anayewahi kufungua zabuni, fundi wa mashine anayesubiriwa na kiwanda kilichosimama, au mwanasheria mwenye kesi asubuhi, wote wanaweza kuvuka kiwango hicho. Mwenye duka la vitenge ambaye amemwachia mdogo wake funguo, na duka linaendelea kuuza, hapotezi hata hizo saa tunazohesabu. Kwake basi linatosha. Lakini mwenye duka ambalo linafungwa kila anaposafiri ana hesabu tofauti, kwa sababu pamoja na saa za mauzo anapoteza wateja wanaokuta mlango umefungwa na kuhamia kwa jirani.

Wako watakaokumbuka kipindi ambacho hesabu hii ilivurugika kwa manufaa ya msafiri. Novemba 2012 fastjet ilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, ikitangaza nauli za kuanzia Sh 32,000 kabla ya kodi na tozo. Watu ambao hawakuwahi kuota kupanda ndege walipanda. Viti vya bei hiyo havikuwa vingi, na mwenye mzigo alilipia zaidi, lakini soko lilijifunza kitu: Mtanzania wa kawaida haogopi ndege, anaogopa bei. Huduma za kampuni hiyo hapa nchini zilikoma Desemba 2018, wakati Shirika la Ndege la Tanzania likiwa limeanza kufufuliwa kwa ndege mpya tangu 2016.

MZIGO HAUCHOKI

Kosa ambalo wengi hulifanya ni kudhani kwamba mwenye mzigo na mzigo lazima wasafiri pamoja. Mzigo hauchoki, haulali gesti, na hauna duka linalofungwa. Kwa hiyo saa zake zina bei nyingine.

Bidhaa za njia hii tuzigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni nzito zisizooza: saruji, mabati, sabuni, mchele, na hata dagaa waliokauka vizuri. Hizi zisafiri kwa lori. Lori la mizigo hupita kwenye mizani, Vigwaza na Njuki zikiwemo, hupanda Sekenke kwa gia ndogo, na dereva lazima alale. Siku mbili hadi tatu si ajabu. Hakuna ubaya, mradi mwenye mali ameagiza kabla rafu hazijawa tupu. Tuseme usafirishaji kwa ndege ni Sh 2,500 kwa kilo. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ungelipiwa Sh 125,000, mara kadhaa ya bei ya mfuko wenyewe.

Fungu la pili ni ndogo zenye thamani kubwa: simu, vipuri maalumu, dawa, miwani. Simu ya Sh 300,000 yenye uzito wa gramu 200 ingelipiwa Sh 500 kwa bei ile ile ya mfano. Hapo mwenye mali hana sababu ya kuiacha siku tatu njiani. Vivyo hivyo mabondo ya sangara yaliyokaushwa, ambayo kilo chache hubeba thamani ya gunia zima la dagaa.

Fungu la tatu ndilo gumu: zinazooza lakini ni za bei ndogo. Machungwa na maembe kutoka pwani kwenda kanda ya ziwa, samaki wabichi kutoka ziwani kwenda Dar es Salaam. Hazimudu ndege, na barabara inazila. Kila saa inayoongezeka njiani inatoa kitu kwenye bei. Mwenye machungwa anayepoteza matenga 10 kati ya 100 kwa kuoza hapotezi asilimia 10 ya faida. Anapoteza asilimia 10 ya mali yote. Kama faida aliyotegemea ilikuwa asilimia 15, basi amebaki na kama theluthi moja au chini ya hapo. Hivi ndivyo mtu anavyoweza kuuza mzigo wote na kurudi nyumbani akishangaa fedha imekwenda wapi.

Kwa fungu hili fedha iende kwenye barafu, masanduku ya ubaridi na matenga imara, kabla ya kumlipa dereva akimbie. Kurefusha maisha ya bidhaa kwa siku moja ni sawa na kuisogeza Mwanza karibu kwa siku moja.

Kwa minofu ya kuuza nje, hesabu ni nyingine, maana soko la Ulaya linalipa bei inayobeba ndege. Juni 2023 nchi ilipokea ndege ya mizigo aina ya Boeing 767-300F yenye uwezo wa kubeba tani 54. Mwenye kiwanda Mwanza hataipima ndege hiyo kwa tani zake, bali kwa ratiba. Tani 54 zinazokuja siku isiyojulikana ni chache kuliko tani 10 zinazokuja kila Jumanne.

UHAKIKA UNA BEI

Hili la ratiba linatupeleka kwenye jambo ambalo wastani hauonyeshi. Basi linalofika kwa saa 17 kila siku ni bora kwa biashara kuliko lile linalofika kwa saa 15 leo na 24 kesho, ingawa kwa haraka mtu atalisifu lile la saa 15.

Ndege nayo haina kinga. Novemba 2022 Shirika la Ndege la Tanzania lilitangaza kupunguza ratiba zake kwa sababu ya matatizo ya injini za ndege aina ya Airbus A220, matatizo yaliyozikumba pia kampuni za nchi nyingine. Msafiri aliyepanga mambo yake kwa saa 5 na nusu alijikuta anahesabu siku. Kwa upande wa ardhini, mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilikata barabara na reli, na shehena zikakwama. Mwenye akiba ya wiki mbili aliuza. Mwenye akiba ya siku mbili alifunga.

Uhakika mwingine ni wa uhai. Tumesema ruhusa ya usiku imerudisha saa 5 za kazi kwa abiria. Tuseme pia upande wa pili. Basi likitoka kwenye kilomita 80 kwa saa na kukimbia 100 katika zile kilomita 900 za wazi, linaokoa saa 2 na robo. Faida hiyo ni ya kweli, ndiyo maana kishawishi nacho ni cha kweli, na abiria wenyewe ndio wanaompigia dereva makofi. Lakini mkataza wa miaka ya 1990 haukutoka hewani. Ulitokana na misiba. Safari inayozidi saa 8 inatakiwa kuwa na madereva wawili, na mabasi yanafuatiliwa kwa kifaa cha kuonyesha mwendo. Mfanyabiashara anayehesabu vizuri ataona kwamba saa 2 na robo za asubuhi haziwezi kulinganishwa na mtaji wote pamoja na mwenye mtaji. Akiona dereva ni mmoja, aulize kabla basi halijaondoka.

RELI INABISHA HODI

Wakati wa miaka ya 1990 treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Mwanza ilitumia zaidi ya siku moja na nusu ikienda vizuri. Julai 2024 treni ya umeme ilianza kwenda hadi Dodoma, na ya haraka hutumia saa 3 na dakika kadhaa kwa safari ambayo basi huichukulia saa 7 au zaidi. Jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka liliwekwa Juni 2021. Njia nzima ya reli hiyo hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,200, yaani ndefu kuliko barabara. Itakapokamilika na treni ikafika Mwanza kwa mwendo kama wa Dodoma, kilomita hizo za ziada hakuna atakayezikumbuka.

Kwa sasa anayependa anaweza kuunganisha: treni hadi Dodoma, kisha basi kwa kilomita 700 zilizobaki. Ataokoa saa 3 hivi, mradi basi la Dodoma limngojee. Likimwacha, saa zote alizookoa atazirudisha akiwa amekaa kwenye begi lake stendi.

USHAURI WA WIKI

Kabla ya safari ijayo, mfanyabiashara achukue karatasi na aandike mambo manne. Kwanza, saa za kazi atakazopoteza kwa kila njia, mlango hadi mlango. Pili, faida yake kwa saa moja ya kazi. Tatu, thamani ya kilo moja ya mzigo wake, na siku ambazo mzigo huo unaweza kukaa bila kuharibika. Nne, hasara atakayopata ikiwa safari itachelewa kwa siku nzima.

Akimaliza, wengi wataona jibu ni mchanganyiko: mzigo kwa lori, mwenye mzigo kwa basi la usiku wakati wa kwenda, na ndege ya alfajiri wakati wa kurudi ikiwa duka limefungwa. Wengine wataona hawahitaji kusafiri kabisa, kwa kuwa wakala mwaminifu Kariakoo na simu vinatosha kwa bidhaa wanazozijua.

Kilomita 1,150 zitabaki pale pale. Ila mwenye kujua bei ya saa yake atafika Mwanza na fedha nyingi zaidi mfukoni kuliko mwenye kujua bei ya nauli peke yake.